Kimeng'enya cha muhogo: Mfanyakazi tunayemfukuza kabla hajamaliza kazi



Ndugu msomaji, usiku mmoja wa kiangazi nikiwa zamu hapa Nyarugusu waliletwa watoto watatu wa nyumba moja. Nasema Nyarugusu hii ya Kasulu, yenye kambi ya wakimbizi, si ile ya Geita yenye dhahabu, ingawa huko mbele nitaipitia Geita kidogo. Watoto wote walikuwa wanatapika. Mkubwa analalamika kichwa na kizunguzungu, mdogo amelegea mikononi mwa mama yake. Hawakuwa na homa, hawakuwa wanaharisha. Baba yao alikuwa ameshapata jibu njiani. "Daktari," akaniambia, "watatu kwa mpigo mmoja, hii ni mikono ya watu."

Mimi sikatai mambo ya ghaibu. Nilikaa madrasa miaka mingi kabla sijakaa chuo cha matabibu, na najua tuliyofundishwa kuhusu uchawi na husuda. Lakini nimefundishwa pia kuuliza kwanza mgonjwa kala nini. Mama akajibu: ugali wa muhogo na mboga ya majani tupu. Unga kaununua jana yake, mweupe, mlaini, hauna ile harufu ya udaga, na bei yake nafuu. Hapo nikaelewa. Watoto, alhamdulillahi, walipata nafuu wakarudi nyumbani. Baba yao sidhani kama aliniamini usiku ule.

Makala hii ni kwa ajili yake na kwa kila anayekula ugali wa muhogo, awe Muha wa Kasulu na Kibondo, Mrundi, au ndugu yetu kutoka Kivu anayeuita bukari. Maoni yangu nayasema mapema: unga wa muhogo mchungu ambao haukulowekwa hauna nafasi katika jiko la Muislamu, na anayeuuza kwa jina la udaga huku akijua anawaghushi watu. Lakini sitaki uniamini kwa sababu ninavaa koti jeupe. Nataka uone mwenyewe kinachotokea ndani ya muhogo.

Anza na jaribio la mdomoni. Chukua tonge la ugali bila mboga, litafune taratibu kwa dakika mbili tatu bila kulimeza. Utaona linaanza kuwa tamu. Hukutia sukari. Kilichotokea ni kwamba katika mate yako mna kitu kinachokata wanga vipande vipande, na vipande hivyo ndivyo sukari. Kitu hicho ni kimeng'enya. Chuoni tulikiita enzaimu, lakini Kiswahili chetu kina neno lake, tulitumie.

Kimeng'enya ni aina ya protini inayotengenezwa na chembe hai, yaani seli, za mtu, mnyama, mmea na hata bakteria. Kazi yake ni kuharakisha mabadiliko ya kikemikali. Wanga uliolowekwa kwenye maji matupu ungeweza kugeuka sukari wenyewe, lakini ungengoja hadi uchoke. Fikiria mtu aliye upande mmoja wa mlima anayetaka kwenda upande wa pili. Njia aliyonayo inapita kileleni, na wengi hawana nguvu za kufika. Kimeng'enya hakimbebi mtu huyo mgongoni. Kinamfungulia njia ya chini inayopita kwenye bonde, na wale waliokuwa wameshindwa kilele wote wanavuka. Kisha chenyewe kinabaki pale pale, hakikuliwa wala kupungua, kinamngoja anayefuata. Katika chembe nyekundu za damu yako kuna kimeng'enya kinachoshughulikia hewa chafu unayoitoa kwa pumzi, ambacho kimoja tu hufanya kazi yake karibu mara milioni moja kwa sekunde. Subhanallah, na wewe huna habari, umekaa unasoma gazeti.

Kila kimeng'enya kina kazi yake maalumu, kama ufunguo na kufuli yake. Kinachokata wanga hakigusi mafuta. Na vyote vina masharti: vinataka maji, vinataka joto la wastani, vinataka kukutana na kile kinachofanyiwa kazi, na vinataka muda. Ukivipikia joto kali vinaharibika kama yai linavyoganda kwenye kikaango, havirudi tena. Ukivinyima maji vinalala.

Sasa twende kwenye muhogo. Ndani ya seli za muhogo mchungu mmehifadhiwa kitu kiitwacho linamarini. Peke yake kimetulia. Katika kuta za seli hizo hizo, nje ya chumba kile, kuna kimeng'enya kiitwacho linamarezi. Muhogo ukiwa mzima shambani hawa wawili hawakutani, wametenganishwa kama nyumba mbili zenye ukuta katikati. Panya akiung'ata, ukuta unavunjika, kimeng'enya kinaifikia linamarini na kuikata, na baada ya hatua fupi inatoka sianidi. Panya anajuta. Ndivyo Mwenyezi Mungu alivyoupa mmea huu silaha yake. Hiyo sianidi ni ile ile ambayo wachenjuaji wa dhahabu kule Geita wanaitumia kutoa dhahabu kwenye mchanga, na hakuna mtu pale anayeruhusiwa kuichezea.

Mabibi zetu hawakujua jina linamarezi, lakini walijua kuitumikisha. Ukimenya muhogo na kuuloweka siku tatu nne hadi uwe laini, bakteria wanalegeza nyama yake, kuta za seli zinavunjika, kimeng'enya kinaikuta linamarini ndani ya maji na kuimaliza karibu yote. Sianidi inayotoka ni hewa inayoruka kwenye joto la nyuzi 26 tu, chini ya joto la mwili wako, na nyingine inabaki kwenye maji unayomwaga. Ukija kuanika, kutwanga na kusonga, sumu imeshaondoka. Yaani silaha ya muhogo tumeifyatua kabla haijafika mdomoni. Huo ndio udaga, na ile harufu yake ni alama kwamba kazi imefanyika.

Tazama basi haraka inavyoharibu. Mwenye muhogo anataka fedha kesho kutwa. Anamenya, anakatakata, anaanika juani moja kwa moja, anasaga. Muhogo unakauka upesi, kimeng'enya kinakosa maji, kinalala kabla hakijaifikia linamarini yote. Kwa njia hii ya kuanika tu, robo hadi theluthi ya sumu inaweza kubaki ndani ya unga. Unga ni mweupe, haunuki, unavutia macho. Mwingine anasema moto utaua kila kitu. Kinyume chake, ndugu yangu. Moto unaua kimeng'enya, lakini linamarini haitishwi na maji ya moto. Ukichemsha kipande kizima cha muhogo mchungu umemfukuza mfanyakazi na kuiacha sumu imekaa. Muhogo mtamu wa kuchemsha au kuchoma ni habari nyingine, una linamarini kidogo, menya vizuri ule, bismillahi.

Na kisamvu, au sombe kwa ndugu zetu wa Kongo? Majani yana linamarini pia. Yatwangwe kwanza kinuni, yatwangike hasa, ndipo yachemshwe sufuria ikiwa wazi. Anayechemsha kwanza akatwanga baadaye kageuza kazi.

Utaniuliza: mbona tumekula miaka yote na hatujafa? Jibu ni vimeng'enya tena, safari hii vya kwako. Katika ini lako kuna kimeng'enya kiitwacho rodanesi. Kinaichukua sianidi kidogo inayoingia, kinaiunganisha na salfa, na kuigeuza kitu chenye madhara madogo kinachotoka kwa mkojo. Lakini hiyo salfa inaipata wapi? Kwenye protini unayokula: maharage, mayai, nyama, dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika. Nyumba yenye maharage na dagaa ina akiba ya kujikinga. Nyumba inayokula ugali wa muhogo na majani matupu mwezi mzima inakuwa na rodanesi isiyo na salfa, kama fundi aliyekaa bila misumari. Sianidi iliyozidi inakwenda kukaba kimeng'enya kingine ndani ya seli, kile kinachotumia hewa ya oksijeni kutoa nguvu. Damu ina oksijeni, seli haiwezi kuitumia. Ndiyo maana mtu anaona kizunguzungu na kulegea, na sumu ikiwa nyingi anaweza kufa ndani ya saa chache.

Lakini kinachoninyima usingizi zaidi ni sumu ndogo ndogo ya kila siku, inayokwenda wiki baada ya wiki pamoja na njaa ya protini. Hiyo huleta ugonjwa uitwao konzo. Mtoto analala mzima, asubuhi miguu imekakamaa, magoti yanagongana, anatembelea vidole au hatembei kabisa. Haiumi, haiongezeki, na haiponi. Unaowapata zaidi ni watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Jina lenyewe ni la Kiyaka cha Kongo, maana yake miguu iliyofungwa, na daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango.

Usiseme ni mambo ya Kwango huko mbali. Mwaka 1981 ukame ulipopiga jimbo la Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu kwa namna hii. Mwaka 1985 konzo ilionekana Tarime, mkoani Mara, nako ukame ulikuwa umewaachia watu muhogo mchungu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilirudi kusini mwa nchi yetu, Mtwara na Mbinga, na Taasisi ya Chakula na Lishe ikapeleka wataalamu, akiwemo Dk. Nicholas Mlingi aliyeufuatilia ugonjwa huu kwa miaka mingi. Na mwaka 2011 watafiti walichapisha taarifa ya konzo kutokea Kivu ya Kusini, katika eneo lililoharibiwa na vita. Kivu ya Kusini ndiko walikotoka wengi wa waliofungua kambi hii ya Nyarugusu mwaka 1996. Kila mahali hadithi ni moja: ukame au vita, njaa, muhogo mchungu, haraka, na chungu kisicho na maharage.

Ndiyo maana nasema jambo hili linatuhusu. Mkimbizi hana shamba la kutosha. Mgao umezoeleka kuwa wa mahindi, na wengi hubadilishana mahindi kwa muhogo kwa sababu ndicho chakula walichokulia, siwalaumu. Mwaka 2017 mgao ulipunguzwa, na mwaka 2023 ulishuka hadi nusu. Mgao ukishuka, kinachopotea kwanza ni maharage na mafuta, na kinachoongezeka ni unga wa bei nafuu. Hapo ndipo yule mtu wa haraka anapopata soko.

Kuna ndugu aliyenifuata baada ya swala ya Ijumaa akaniuliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa juu ya udaga. Alisema anaacha kuloweka kwa sababu ya dini. Kitu kimechachuka, kinanuka, maji yamegeuka rangi: je, si najisi, au si mlango wa ulevi? Nilimheshimu kwa kuuliza. Kuchachuka peke yake si uharamu, hukumu inafuata kulevya, na udaga haumlevyi mtu hata akila sinia zima. Ama yale maji, kwa madhehebu ya Imam Shafi ambayo wengi wetu tumeisoma, maji yaliyobadilika kwa kuchanganyika na kitu kilicho twahara ni twahara, ila hayatwaharishi. Yaani usitawadhe nayo, lakini yakikurukia kanzu swali na kanzu yako. Mimi kama tabibu naongeza: yasinywewe na mbuzi wala yasimwagwe kijitoni, kwa kuwa yana sianidi. Chombo kifunikwe nzi wasiingie, na watoto wasikae karibu nacho.

Qur'an katika Suratul Baqara, aya ya 168, imetutaka tule kilicho halali na kilicho kizuri kwa pamoja. Tumekuwa hodari sana wa nusu ya kwanza. Tunauliza nani kachinja, tunageuza pakiti kutafuta mafuta ya nguruwe, na tunafanya vyema. Ile nusu ya pili tumemwachia bwana afya.

Na wewe mfanyabiashara, dada au kaka unayeuza unga gengeni, kumbuka ile habari iliyopokewa na Imam Muslim, ya Mtume (s.a.w.) kupita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la chakula na vidole vyake vikakuta unyevu uliofichwa chini ya kikavu. Alimkemea mwenye mali kwa kuwaficha watu. Leo mambo yamegeuka: aibu ya lundo lako ni maji ambayo hayakuwahi kuwepo. Mnunuzi akiuliza kama muhogo umelowekwa, mwambie kweli. Kama hukuloweka, sema hukuloweka, akajue la kufanya nyumbani.

La kufanya lipo, na ndilo jambo ninalotaka ukate ukalibandike jikoni. Kile kimeng'enya kilicholala ndani ya unga mkavu hakijafa. Ukikirudishia maji kinaamka na kuendelea na kazi pale kilipoachia. Mtaalamu Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alilitumia jambo hilo kutengeneza njia ambayo haihitaji dawa wala mashine, na njia hiyo ilifundishwa kusini mwa Tanzania na baadaye Kongo. Tia unga kwenye beseni, sawazisha juu, weka alama ubavuni unga ulipoishia. Ongeza maji kidogo kidogo huku unachanganya. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha maji. Utandaze juu ya jamvi safi, unene usizidi sentimeta moja, ili ile hewa ya sianidi ipate kutoka. Juani uache saa mbili, kivulini saa tano. Kisha usonge ugali siku hiyo hiyo, usiulaze, kwa kuwa unga mbichi utaharibika. Sumu inapungua hadi ikawa theluthi au hata sehemu moja ya sita ya ile iliyokuwepo.

Njia hii haichukui nafasi ya kuloweka. Ni ya unga uliokwisha kuupata na huna hakika nao, na kwa kambi yenye foleni ya maji ina faida kwamba inakula maji machache kuliko pipa la kulowekea. Anayemenya muhogo wake mwenyewe aloweke. Na asihesabu siku kwa vidole tu. Kasulu si Ujiji, usiku wa huku juu una baridi, na baridi inampunguzia kasi kimeng'enya na bakteria pia. Siku tatu za ziwani zinaweza kuwa nne au tano huku. Bonyeza muhogo kwa kidole: ukiingia mpaka katikati bila kukuta ugumu, toa.

Mtu akitapika na kuona kizunguzungu saa chache baada ya kula ugali wa muhogo, hasa wakiwa wawili watatu wa nyumba moja, msingoje kukuche. Mleteni kituo cha afya, na huo unga mje nao kwenye mfuko. Kisomo kinaweza kusomwa njiani.

Yule mama wa watoto watatu nilikutana naye tena karibu na Ramadhani. Alikuwa na swali: saa mbili za juani atazijuaje, hana saa nyumbani? Tukakaa tukapiga hesabu. Hapa kwetu adhuhuri inaingia kama saa saba mchana, na alasiri saa kumi na kidogo. Akitandaza unga anapotoka kuswali adhuhuri, na kuukusanya anaposikia adhana ya alasiri, zimepita saa tatu na jua lilikuwa kali. Siku ya mawingu autandaze saa nne asubuhi ndani, alasiri umeshatimiza saa tano na ziada. Akaniambia futari ya kwanza itakuwa ya unga huo, na maharage ameshayaloweka.

Wabillahi tawfiq.